Gundi Haijakauka

Chupa ilikuwa sakafuni, chini ya kitanda changu, na maji yake yalitokota bila moto. Mrija mnene ulitoka humo, ukapanda kando ya godoro, ukapita chini ya shuka na kuingia ubavuni mwangu, katikati ya mbavu mbili. Nikipumua kwa nguvu, mapovu yalipanda. Nikitulia, yalitulia. Nililala kwa ubavu mzima, nikachungulia ukingoni mwa kitanda, na siku hizo sikuwa na kazi nyingine duniani ila kuyatazama.

Mtu mwingine angeona chupa ya hospitali. Mimi niliona beseni langu la kazini.

Mimi ni fundi wa pancha. Si mke wa fundi, wala si dada wa fundi anayeshikia kibanda mwenyewe akienda kula. Ni fundi, na vidole vyangu vina weusi wa mpira ambao sabuni zote zimeukubali kama ulivyo. Kazi tuliirithi kwa baba, mimi na kaka yangu, na pancha haina siri: unajaza tyubu upepo, unaizamisha majini, unaizungusha taratibu, na mapovu yanapotoka ndipo penye tundu. Unakausha, unakwangua, unapaka gundi, unabandika kiraka. Halafu unangoja. Kungoja ndio ufundi wenyewe. Asiye na subira hujaza upepo gundi ikiwa mbichi, kiraka kinabanduka, na mteja anarudi anasukuma baiskeli huku anakutukania ukoo mzima. Baba alitukemea kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote, na alipokufa tulibaki tunakemeana wenyewe.

Sasa fikiria. Daktari mpasuaji alikuwa amenitoa kipande cha chini cha pafu la kulia, pamoja na uvimbe uliokuwa umejificha humo, akanishona. Alisimama kando ya kitanda akaniambia kwamba upasuaji umekwenda vizuri, ila pafu linavuja hewa kidogo pale lilipokatwa, ndiyo maana ya mapovu, na kwamba yatakoma kidonda kikijifunga. Alikuwa na mengine ya kusema, nakumbuka mdomo wake ulivyoendelea kusogea, lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa. Alipotoka tu nikampigia kaka simu.

"Linavuja?" aliuliza.

"Kidogo."

"Basi usilijaze upepo. Ngoja gundi ikauke."

Mwalimu asingeweza kufanya kosa hilo, wala karani. Lilihitaji watu wawili waliolelewa na beseni la maji.

Kuanzia hapo nikawa mgonjwa mtulivu kuliko wote wodini. Alikuja kijana wa mazoezi ya viungo na kifaa cha plastiki chenye vimpira vitatu; ulitakiwa kuvuta pumzi mpaka vimpira vipande, kisha ukumbatie mto kifuani na ukohoe kwa nguvu. Nilivuta kidogo ili asinikasirikie. Alipogeuka, kifaa kilikwenda chini ya godoro. Kikohozi kilipopanda nilikimeza, kama mtu anavyomeza neno baya mbele ya wakwe. Mapovu yalipungua, nami nikajisifu moyoni. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata, lakini nani humkumbuka mhenga akiwa anasifiwa na manesi kwa utulivu?

Kitanda cha pili kilikuwa cha Bibi Redio. Jina hilo alipewa na wodi nzima, kwa sababu alianza kutangaza kabla hatujaamka na hakuna aliyewahi kuona kilipo kitufe cha kumzima. Yeye alikatwa pafu la kushoto, lililokuwa limetobolewa na kifua kikuu cha zamani. Akiambiwa kohoa, alikohoa. Alikumbatia mto, akakunja uso, akaitoa sauti iliyogonga ukuta wa mbele na kurudi, kisha akasema, "Karibu tena." Alinisimulia nyumba yake, mlango wa buluu nyuma ya shule, ngazi yenye kidato kilichovunjika ambacho wanawe walikuwa wanaahidi kukitengeneza tangu wakiwa na meno ya utoto. Mimi nilimjibu kwa kichwa. Kuongea kulitumia upepo.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "wewe unakohoa kwa ishara?"

Nilicheka kidogo, kwa puani, nikichunga kiraka changu.

Wakati huo korona ilikuwa imeshaingia duniani, na hospitali ilikuwa imejifunga kibwebwe. Wageni walizuiwa langoni. Kila mtu alivaa barakoa, mlango wa wodi ulibandikwa tangazo juu ya tangazo, na sakafu ilinuka dawa mpaka chakula kikawa na ladha yake. Korona iliingia vilevile. Wengine walimshuku mfanyakazi wa usafi, wengine wasukuma mitungi ya oksijeni, na mgonjwa mmoja alimshuku mke mwenza wake, ambaye hakuwahi kufika. Mimi sikumshuku mtu. Ugonjwa hauvai viatu, tungeona nyayo zake wapi?

Bibi Redio alianza kwa homa. Kisha kikohozi chake kikabadilika, kikawa kikavu na kirefu, na hakusema tena karibu. Tukaingizwa vijiti puani, wodi nzima. Tukiwa tunasubiri majibu, muuguzi mkuu alipita na kuuliza nani anakohoa. Mimi nilikuwa na homa, ndiyo, lakini homa baada ya kupasuliwa si ajabu, na kikohozi sikuwa nacho. Nilikuwa nacho tumboni, nilikokimeza. Akanitazama kwa upendo akawaambia wenzake kwamba huyu hana shida.

Majibu yalisema tunao, mimi na Bibi Redio.

Tulisukumwa kwa vitanda vya magurudumu hadi jengo la nyuma, yeye mbele na mimi nyuma yake, na kila tulipopita watu walijibana ukutani. Huko kila aliyekuja alikuwa amefunikwa kuanzia unyayo hadi utosi, na ulimtambua kwa urefu wake na kwa jina lililoandikwa kifuani kwa kalamu. Daktari mpasuaji alikuja akiwa amevaa hivyohivyo. Alisema wazi, na hilo namshukuru. Ugonjwa huu unawalemea hata wenye mapafu mazima; sisi mapafu yetu yametoka kushonwa. Nikiishiwa oksijeni ataniweka kwenye mashine ya kunisukumia pumzi, lakini pumzi ya kusukumwa kwa nguvu inaweza kufumua alipofunga, na waliowekwa mashine wakiwa na kidonda kama changu hawakuwa wengi walioamka.

"Si kwamba hatutajaribu," alisema. "Nataka tu ujue."

Alilisema kwa upole mno. Niliuchukia upole ule kuliko nilivyouchukia ugonjwa.

Nadhani upole huohuo aliutumia kwa kaka kwenye simu, kwa sababu muda si mrefu shangazi yangu alinipigia. Shangazi ndiye aliyenilea mama alipoondoka, na katika ukoo wetu ndiye mwenye mamlaka ya kulia kwanza. Aliomba dua ndefu. Nilikuwa nimevaa barakoa ya oksijeni, sikuweza kumkatiza. Kisha akaanza kunielezea mimi mwenyewe: kwamba nilikuwa mtoto msikivu, nilikuwa na mikono ya baba yangu, nilikuwa sina makuu. Nilikuwa, nilikuwa. Nyuma yake nilisikia viti vinavutwa na mtu anauliza maturubai yako wapi.

"Shangazi," nilisema nilipopata nafasi, na kila neno nilililipia. "Nipo. Bado. Nipo."

"Usijichoshe, mwanangu," alisema, akaendelea kulia.

Nilikata simu mbele ya nesi wa zamu. Nilikuwa nimeshikwa na hasira ya kweli, ile inayoanzia kwenye nyayo: watu wanatafuta maturubai ya matanga yangu, nami nimelala hapa ninawasikia. Nimemeza dawa nyingi maishani. Sijui kama kuna iliyonifanyia kazi kama hasira ile.

Lakini hasira peke yake haina oksijeni. Namba kwenye kipimo cha kidoleni ilikuwa inashuka, na kifuani mwangu kulikuwa na kitu kinachokoroma kila nilipovuta hewa. Nesi wa zamu ya mchana alikuwa mwanamke mrefu, mrefu kiasi kwamba vazi lile la kujikinga lilimwishia juu ya vifundo akaongezea mifuko ya plastiki. Aliweka kipimo mgongoni mwangu akasikiliza. Akasogeza, akasikiliza tena. Kisha akainama mpaka miwani yake ikakaribia uso wangu.

"Kumejaa huku," alisema. "Kwa nini hukohoi?"

Nilimweleza. Nilimweleza kwa vipande, kwa kuwa pumzi ilikuwa haitoshi sentensi: beseni, mapovu, kiraka, baba, upepo juu ya gundi mbichi. Alinisikiliza hadi mwisho. Mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya lile vazi, nikajua anacheka, kisha yakaacha kutikisika.

"Nani amekwambia pafu ni tyubu?"

"Kaka."

"Kaka yako ni daktari?"

"Fundi."

"Haya, fundi, nisikilize." Alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo nadhani hawakuruhusiwa. "Tyubu haina uhai, ndiyo maana inangoja gundi. Pafu linaishi. Ukililaza linasinyaa, na uchafu wote unabaki humo humo, korona inakaa inakula. Pafu linapona likijaa. Hicho kikohozi unachokimeza ndicho kilichokuwa kinakutibu. Daktari anarudi jioni, na akikuta namba hii, atakuja na mashine. Hatakuwa na njia nyingine."

Kutoka kitanda cha jirani, chini ya barakoa, sauti ya Bibi Redio ilitoka nyembamba, lakini ilikuwa yake.

"Mwambie akohoe. Nimechoka kukohoa kwa niaba yake."

Nesi Mrefu alinikalisha wima, akanipa mto, akaukandamiza mkono wake juu ya kidonda kwa nyuma. Nilivuta hewa. Wacha niseme ukweli: niliogopa. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona viraka vinavyobanduka, najua vinavyofanya, vinaanza pembeni kisha vinafunguka vyote kwa mkupuo. Nilikuwa na hakika kwamba nikikohoa nitafunguka. Nikamkumbuka shangazi na ile "ulikuwa" yake. Nikakohoa.

Maumivu yale sina neno lake. Yalianzia ubavuni yakapita hadi kwenye meno. Chini ya kitanda chupa ilichacha, nikaisikia, na kwa mara ya kwanza sikuitazama.

"Tena," alisema Nesi Mrefu.

"Siwezi."

"Mbona simu ya shangazi yako uliweza kuikata? Tena."

Nikakohoa tena. Nikamkoholea daktari na upole wake. Nikawakoholea wote waliokuwa wanauliza maturubai. Nikakikoholea hicho kijidudu kisichoonekana kwa macho, kilichodhani kimepata nyumba isiyo na mwenyewe. Kitu kizito kikapanda kooni, kikatoka, kikafuatwa na kingine, na vilikuwa vibaya kiasi kwamba Nesi Mrefu alivifunika haraka nisivione. Jasho lilinitoka. Nililia huku nakohoa na nikakohoa huku nalia. Akinipumzisha nilikuwa nachukua kifaa kingine cha vimpira, alichokuwa ameagiza kiletwe, navuta mpaka kimpira cha kwanza kinapanda, halafu cha pili. Cha tatu kilikataa. Nilikitukana, na Bibi Redio, aliyekuwa amefumba macho, akatabasamu.

Hivyo ndivyo tulivyoupitisha mchana ule, jua likihama kutoka kitanda changu kwenda cha Bibi.

Daktari alirudi jioni, na mashine ilikuwa nyuma yake, inasukumwa na watu wawili. Aliangalia namba yangu. Akagonga kipimo kwa kidole, akanibadilishia kidole, akaangalia tena.

"Nani amekuongezea oksijeni?"

Nesi Mrefu alisema hakuna. Alisema mgonjwa amekohoa.

Daktari akasema tusubiri hadi asubuhi. Akageuka kitanda cha pili, na hapo hakugonga kipimo. Alimshika Bibi Redio mkono akaongea naye kwa sauti ya chini. Bibi alikuwa amekohoa kila alipoambiwa, tangu siku ya kwanza, kwa mto, kwa sauti, kwa utii, bila kumeza hata kimoja. Mimi ndiye niliyekosea, na mashine ikaenda kwake. Mpaka leo nikitafuta haki katika jambo hilo siioni, na nimeacha kuitafuta. Ninachokiona ni mkono wake. Kabla hawajamlaza usingizi aliinua barakoa, akanigeukia, akasema kitu. Mtu akamrudishia barakoa. Mitungi ilikuwa inavuma, sikusikia alichosema.

Walimsukuma chumba cha mwisho. Asubuhi kadhaa baadaye nilimuuliza Nesi Mrefu, naye akaanza kunyoosha shuka iliyokuwa imenyooka. Nikajua. Nililia kwa sauti, na kilio kikanikaba, namba ikaanza kushuka.

"Lia," alisema. "Lakini kaa wima."

Nikakaa wima nikalia. Bibi Redio alizikwa na watu waliovaa mavazi meupe, katika sehemu iliyotengwa, wanawe wakitazama kutoka ndani ya gari lililofungwa vioo. Hakuna aliyesimama kusema neno lolote juu yake. Yeye, ambaye hakuwahi kunyamaza.

Chupa iliacha kutokota, mrija ukatolewa, nikashonwa pale ulipotoka. Daktari alinipa nasaha za kuondokea: nisitegemee kuwa kama zamani, nijifunze kuishi taratibu, kazi ya kupiga pampu niisahau. Nilimshukuru kwa mkono wake, maana mkono ule ulinitoa uvimbe, na hayo mengine nikamwachia pale mezani kwake. Kaka alikuja kunichukua. Alikuwa amekonda. Njia nzima hakuthubutu kunitazama, na tulipokaribia nyumbani akasema kwamba alikaribia kuniua.

"Tulikaribia," nilimwambia. "Kibanda ni chetu wote."

Shangazi alinipokea mlangoni kwa vigelegele, kisha kwa kilio, kisha kwa lawama kwamba nilimkatia simu. Maturubai nilikuta bado yamekunjwa uani. Niliyakalia.

Nilipoweza kutembea bila kushikwa, nilitoka bila kumuaga mtu. Sikuwa na anwani. Nilikuwa na mlango wa buluu, nyuma ya shule, na ngazi yenye kidato kilichovunjika, maana mwenyewe alikuwa ameyatangaza hayo mara nyingi kuliko habari. Nilipumzika kwenye kila ukuta ulionikubali. Kidato kilikuwa bado hakijatengenezwa.

Binti mkubwa alifungua. Nilipomwambia nilikuwa kitanda cha jirani na mama yake, alirudi nyuma hatua moja bila kukusudia, na aliona aibu kwa hatua hiyo. Alinitolea kiti uani, mbali, akawaita ndugu zake wakasimama mlangoni na barakoa zao. Kutoka dirisha la juu jirani mmoja akauliza huyo mgonjwa anatafuta nini hapa, na kwamba kuna watoto. Nilimsikia vizuri. Sikuondoka.

"Mama alisema nini mwishoni?" binti aliuliza.

"Alisema kitu, sikukisikia," nilijibu. "Lakini yote ya kabla ya hapo niliyasikia."

Hawakusikia, ilibidi niseme tena. Sauti yangu ilikuwa imebaki ndogo na uwanja ulikuwa mpana. Nikaacha kiti nikasimama. Nikaanza na alivyokuwa akituamsha, na kile kikohozi chake kilichogonga ukuta, na "karibu tena". Mtoto wa kiume akacheka na kujifunika uso. Nikasema alivyowatangaza wao mmoja mmoja, mpaka wodi nzima ikajua nani hapendi kuosha vyombo. Nikasema alivyochoka kukohoa kwa niaba yangu. Hapo katikati pumzi ikaniishia kabisa, nikashika ukuta, dunia ikafanya weusi pembeni. Yule wa dirishani akasema jamani mwacheni mama wa watu, ataanguka.

Niliinua kiganja kumwambia anyamaze. Pale mlangoni hakuna aliyesogea wala aliyeniambia inatosha. Walinisubiri. Nilifunika mdomo kwa kitambaa, nikakohoa mpaka mwisho, nikavuta hewa yote iliyonikubali, na nikaendelea.